Usiondoke bila lugha, kazi inaweza kusubiri

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu yule kijana aliyeandika wiki iliyopita akisema ana akiba ya kumtosha miezi 6, hana kazi inayomsubiri huko anakotaka kwenda, lugha ya huko haijui hata salamu, na anauliza aende au asiende. Niliisoma barua yake asubuhi kabla ya kwenda kazini nikashinda nayo kichwani siku nzima, kwasababu miaka 12 iliyopita hiyo barua ningeweza kuiandika mimi, tofauti ni kwamba mi sikumuuliza mtu, nilienda tu.

Nimeona pia wasomaji waliomjibu. Nusu wanamwambia asithubutu, nusu wanamwambia riziki haina mpaka, funga begi nenda, lugha utajifunzia huko huko. Hawa wa pili ndo wananiumiza zaidi kwasababu wanasema kwa nia njema kabisa na mimi niliambiwa hivyo hivyo na watu walionipenda. Ninachotaka kumwambia kijana ni kimoja: kuondoka bila kazi kunawezekana, wapo wengi waliofanya hivyo na maisha yao yamekaa vizuri, lakini kuondoka bila lugha ni kosa. Watu wanayatia haya mambo mawili kwenye kapu moja, "hana kazi wala lugha", wakati hayafanani hata kidogo. Kazi iko mikononi mwa mtu mwingine, anaweza kukupa kesho au asikupe kabisa na huna la kumfanya. Lugha iko mikononi mwako wewe, unaweza kuianza leo usiku ukiwa umekaa kitandani kwako na hakuna ubalozi utakaokunyima ruhusa.

Nchi niliyokwenda siitaji, maana nikiitaja watu wataanza kubishana kuhusu hiyo nchi wakasahau ninachosema. Nilikuwa na kibali halali cha mwaka 1 kilichoniruhusu kufanya kazi masaa machache kwa wiki, nina cheti changu cha uhasibu kwenye bahasha ya plastiki, nina akiba niliyoihesabu mara nyingi mpaka noti zikachakaa. Wiki ya 3 nikapata kazi, na hapa ndo kila mtu nyumbani alishangilia kwenye simu, umeona, si tulikuambia. Kazi yenyewe ilikuwa kuosha vyombo kwenye jiko la hoteli, shifti ya usiku. Sidharau kazi ya kuosha vyombo, ilinilipia chumba. Tatizo langu lilikuwa jingine kabisa na sikuliona mpaka baadaye sana.

Kwenye lile jiko tulikuwa 7 na wote wageni, kila mmoja na kwao, wenyeji walikuwa mbele wanahudumia wateja na sisi tuko nyuma kwenye mvuke. Sasa hiyo hadithi ya "utajifunzia huko huko" inataka uwe na mtu wa kuongea naye, na mtu asiye na lugha hapewi kazi ya kukaa na watu, anapewa kazi ya kukaa na vitu, masanduku, sahani, sakafu, mashine. Siku moja kwenye basi, nikiwa na mwezi wa 8, nikaamua kuhesabu maneno niliyokuwa nayajua. Nikageuza risiti nikaanza kuandika: leta, peleka, haraka, kisu, moto, angalia, sakafu, kesho, mapema, hapana, vizuri, ngoja, bado. Nikafika 43 pamoja na namba moja hadi kumi. Nikaisoma ile risiti nikaona karibu yote ni maneno ya kuamrishwa. Sikuwa na hata neno moja la kuuliza. Sikuwa na "kwanini", sikuwa na "kiasi gani", sikuwa na "nani amesema". Miezi 8 nimeishi kwenye nchi ya watu na lugha niliyonayo ni ya kuambiwa tu.

Na hilo si jambo la kinadharia, nitakueleza lilivyokuwa. Mshahara wa mwezi mmoja ulikuja umepungua. Nilikuwa na kidaftari naandika masaa yangu kila nikitoka, yalikosekana masaa 11. Nikamfuata msimamizi, nikamfungulia kidaftari nikamwonyesha kwa kidole, hapa, hapa na hapa. Akaangalia, akaongea kwa upole tu, sentensi ndefu 3 au 4, akanigusa bega, akaondoka. Mpaka leo sijui aliniambia nini. Inawezekana alinieleza kuna makato halali, inawezekana alinielekeza ofisi ya kwenda kudai, inawezekana alikuwa ananidhulumu huku anatabasamu. Ndo maana sitaki kumlaumu, siwezi kumlaumu mtu ambaye sikumwelewa. Lakini zile pesa sikuziona tena na sikuwa na namna ya kuziulizia.

Watu wataniambia simu siku hizi inatafsiri. Ni kweli inasaidia, mimi mwenyewe naitumia, ukiwa dukani unasoma kilichoandikwa kwenye kopo inakutosha kabisa. Lakini jaribu kuitumia pale mtu amekupigia simu na anaongea haraka, au uko mbele ya daktari unaumwa na anakuuliza maumivu yanachoma au yanabana, au bosi amekuita pembeni na watu 3 wanakungoja umalize. Maneno mazito ya maisha mtu anaambiwa uso kwa uso na kwa haraka, na mara nyingi hayarudiwi.

Sasa niwaeleze bahasha iliyonirudisha nyumbani. Nikiwa na miezi 10 kule nilikuta kwenye sanduku la barua bahasha ina muhuri, ndani karatasi 2 zimepigwa chapa pande zote. Kipindi hicho sanduku langu lilikuwa linajaa makaratasi kila wiki, matangazo ya intaneti, matangazo ya bima, matangazo ya samani, yote kwangu yalifanana kwasababu yote sikuweza kuyasoma. Nikaitazama ile barua, nikaona jina langu limeandikwa sawasawa, nikaona namba nyingi, nikasema hii ni bima wanataka pesa, nitamuuliza mtu. Nikaiweka kwenye droo. Nikawa nachoka, narudi saa 8 usiku, naamka mchana, naisahau, naikumbuka, naisahau. Siku nilipoipeleka kazini kumwonyesha mama mmoja wa mapokezi aliyekuwa ananionea huruma, aliisoma mpaka mwisho bila kusema kitu, alafu akarudi juu akaweka kidole kwenye tarehe, akanitazama, akaweka kidole kwenye kalenda ya ukutani. Siku 11 nyuma. Ilikuwa ni miadi ya ofisi ya uhamiaji ya kuongezewa kibali, nilete hiki na kile, na nisipofika maombi yangu yafungwe. Kwa sheria ya kule barua ya serikali ikishatiwa kwenye sanduku lako inahesabika umeipata, kama uliisoma au hukuisoma ni shauri yako. Nilikwenda mara 4 kwenye ile ofisi, mara zote 4 nimesimama kwenye dirisha nasema maneno yangu 43. Kibali kikaisha. Nikarudi nyumbani.

Sikufukuzwa kwasababu ya kukosa kazi, kazi nilikuwa nayo. Niliondoka kwasababu sikuweza kusoma karatasi 2.

Kuna kitu watu wanaopanga safari hawakiangalii, kwamba nchi zenyewe zinazopokea wageni zimeshaliona hili siku nyingi na sheria zao zinasema hivyo hivyo ninavyosema. Chukua Kanada. Ule mfumo wao wa kuchagua wahamiaji kwa pointi uitwao Express Entry ulianza mwaka 2015, na kwa miaka mingi mtu mwenye ofa ya kazi alikuwa anaongezewa pointi. Machi 2025 wakaziondoa hizo pointi za ofa ya kazi. Mtihani wa lugha, Kiingereza au Kifaransa, haukuondolewa, bila huo huwezi hata kuingia kwenye foleni. Au Ujerumani, tangu Juni 2024 wana kitu wanakiita Chancenkarte, yaani kadi ya fursa, inayokuruhusu kwenda kutafuta kazi ukiwa huko huko kwa muda unaofika mwaka 1 na ukafanya kazi za muda hadi masaa 20 kwa wiki wakati unatafuta. Kwa hiyo kwenda bila kazi kumeruhusiwa waziwazi. Lakini soma masharti ya njia ya pointi: uwe na shahada au mafunzo ya ufundi ya angalau miaka 2 yanayotambuliwa na nchi ulikosomea, uonyeshe pesa za kujikimu, na lugha, ama Kijerumani cha ngazi ya A1, ya mwanzo kabisa, ama Kiingereza cha B2, cha kuweza kubishana. Pointi unatakiwa kufikisha 6, na Kijerumani cha B2 peke yake kinakupa 3, nusu nzima. Korea Kusini wana mpango wao wa vibali vya kazi tangu 2004 kwa nchi walizoingia nazo makubaliano, na pale unaanza na mtihani wa Kikorea, ukifaulu ndo jina lako linaingia kwenye orodha ambayo waajiri wanachagua. Japani nao tangu Aprili 2019 wana viza ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, na kwa kawaida wanataka Kijapani cha N4, ngazi ya pili kutoka chini. Kijana ataona mwenyewe, ofa ya kazi wanaweza kukusamehe, lugha hawakusamehe, na pale ambapo serikali imekusamehe maisha yenyewe hayakusamehi.

Hizo herufi A1, A2, B1 mpaka C2 ni ngazi za Baraza la Ulaya, zimetangazwa 2001 na siku hizi vyuo vingi duniani vinazitumia. Kwa lugha ya kawaida, A1 unajitambulisha na kununua tiketi, A2 unaelewana na mtu mwenye subira, B1 unaweza kueleza tatizo lako na kuelewa jibu, B2 unaweza kubishana. Wauguzi kwa mfano wanaotaka vyeti vyao vitambuliwe Ujerumani wanaambiwa B2, na ukifikiria ni haki, mgonjwa atakuelezaje anavyojisikia. Kama nikiulizwa mtu aondoke akiwa na ngazi gani, mimi nasema B1. A1 inakupitisha uwanja wa ndege tu. Kwa B1 ningeisoma ile barua polepole na kamusi na ningefika kwenye miadi.

Inachukua muda gani? Wamarekani wana chuo chao cha kufundisha wanadiplomasia lugha, na wamepanga lugha kwa wiki ambazo mtu anayejua Kiingereza anahitaji akisoma darasani kila siku. Kihispania na Kifaransa wiki 24 hadi 30 hivi, Kijerumani karibu 36, Kiarabu, Kichina, Kikorea na Kijapani wiki 88. Kiswahili chetu kiko kundi moja na Kijerumani, wiki 36. Nimelitaja hili kwasababu vijana wengi wanaona lugha za watu ni mlima usiopandika wakati wao wanaongea lugha ambayo wanadiplomasia wanaisoma zaidi ya miezi 8 kwa kulipwa mshahara, na wengi wetu juu ya Kiswahili tuna lugha nyingine ya nyumbani na Kiingereza cha shule. Sisi si watu wa lugha moja. Kichwa cha mtu mwenye lugha 3 kimeshazoea, hakianzi sifuri.

Mimi niliporudi nilikaa wiki 2 nalia, siwezi kuficha, alafu nikaanza. Miezi 9. Nilikuwa naamka saa 11 alfajiri nasoma mpaka saa 1, kila siku, Jumapili napumzika. Sikuwa na pesa ya chuo mwanzoni, nilitumia masomo ya bure ya intaneti na redio ya kule nikiwa jikoni napika, miezi 4 ya mwisho ndo nikalipia mwalimu mara 2 kwa wiki wa kuongea naye. Nilianza na maneno niliyoyakosa: kwanini, kiasi gani, sijaelewa rudia tafadhali, naomba uniandikie, nani naweza kumuuliza, tarehe ya mwisho ni lini. Ningemshauri kila mtu aanze na hayo kabla ya rangi na majina ya wanyama. Nilifanya mtihani wa B1 nikafaulu kwa alama za kawaida tu, si za kujivunia, lakini nilifaulu.

Na nikaondoka tena. Bila kazi! Nataka kijana alione hili vizuri, safari ya pili pia sikuwa na kazi, nilikuwa na viza ya kutafuta kazi ya miezi 6 na akiba ndogo kuliko ya kwanza. Wiki ya pili simu ikalia nikiwa barabarani, namba siijui, zamani ningeiacha ilie mpaka ikate. Nikapokea. Mwanamke upande wa pili akasema kampuni, akasema kuhusu maombi yangu, akaniomba nimtajie jina langu vizuri maana alikuwa halisomi sawasawa. Nikasimama pembeni ya ukuta nikalitaja herufi kwa herufi kwa alfabeti yao, polepole, na yeye anarudia anaandika. Alipomaliza akalisoma lote, akalipatia. Hiyo kazi sikuipata, waliniita kwenye intavyuu wakachukua mwingine, lakini nilirudi chumbani siku ile nikijua kwamba safari hii nipo. Kazi niliipata wiki ya 15, msaidizi wa mhasibu kwenye kampuni ndogo, baada ya intavyuu 9. Cheti kile kile, mtu yule yule, nchi ile ile.

Kuna jambo jingine nimelifikiria sana kuhusu ile miezi 9 na ndo naona litamsaidia kijana kuliko yote. Anauliza aende asiende kana kwamba jibu liko kwetu. Ajipe miezi 6 ya kusoma lugha kila siku kabla hajakata tiketi. Anaposoma yuko kwao, analala pazuri, anaelewa kila anachoambiwa, hana baridi ya ugeni mwilini. Kama hapo tu ikifika wiki ya 5 ameacha, basi ajiulize ataiwezaje baada ya kusimama masaa 10 kazini na kichwa kinamuuma. Si kwamba ni mvivu, inawezekana moyo wake haupendi kwenda, unapenda tu kuondoka, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Wapo watu wanataka kukimbia kitu, deni, mapenzi yaliyovunjika, maneno ya ndugu, na hiyo si dhambi lakini kuna njia rahisi za kubadilisha hewa kuliko kuvuka bahari. Na kama miezi 6 imepita na bado anaamka, atakuwa amepata jibu na hatakuwa na haja ya barua zetu.

Najua wapo ambao nililosema haliwahusu. Anayekimbia vita haambiwi akasome kwanza. Mtu wa kompyuta anayeandika programu anaweza kupata ofisi nzima inafanya kazi kwa Kiingereza kwenye nchi isiyo ya Kiingereza, nawajua, wako vizuri kazini, ingawa hata wao wakitoka pale kwenda kukodi nyumba au kumpeleka mtoto shule wanatafuta mtu wa kuwasaidia. Na anayekwenda nchi ambayo lugha yake anaijua tayari, huyo swali lake ni la pesa na kibali tu, aangalie kama sheria inamruhusu kutafuta kazi akiwa ndani.

Hilo la kibali nalipitia haraka lakini lisipuuzwe. Viza ya matembezi si viza ya kazi. Nchi za Schengen kule Ulaya, zile zinazotumia viza moja, zinakupa siku 90 ndani ya kila siku 180, na ndani ya hizo siku hutakiwi kufanya kazi, na ukizidisha unaweza kupigwa marufuku kurudi. Mtu akikuambia ingia na ya matembezi alafu tutabadilisha ukiwa ndani, mwambie akuonyeshe kwenye ukurasa wa ubalozi palipoandikwa hivyo. Mara nyingi hapapo.

Na mawakala. Mtu asiye na lugha ndo chakula chao, wanamwandikia kila kitu, wanamsomea kila kitu, anasaini asichokijua. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997 unasema wakala hatakiwi kumtoza mfanyakazi ada ya kumtafutia kazi, na ule namba 189 wa mwaka 2011 wa wafanyakazi wa majumbani unasema mtu apewe ofa au mkataba wa maandishi kabla hajavuka mpaka, na akae na pasipoti yake mwenyewe. Si kila nchi imeiridhia lakini ni kipimo kizuri cha kujua uliyenaye ni mtu wa namna gani. Kwa wanaokwenda nchi za Ghuba naongeza, mkataba wako unaweza kuandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza pamoja, na kwa nchi kama Qatar na Falme za Kiarabu mgogoro ukitokea kinachosimama mahakamani ni maandishi ya Kiarabu. Dada zetu wangapi wamesaini ule upande ambao hawakuweza kuusoma? Tafuta mtu asiye wakala akusomee upande huo kabla ya kalamu.

Kuhusu pesa kijana amesema ana za miezi 6. Nauli ya kurudi aitoe humo leo hii aiweke mahali ambapo hataigusa, ahesabu upya, ataona ni miezi 5 au chini. Alafu aandike tarehe kwenye karatasi, nikifika hapa sijapata kitu narudi, na amwambie mtu mmoja anayemwamini hiyo tarehe. Nilikutana na wengi waliobaki si kwasababu walikuwa na matumaini bali walikuwa wanaona aibu kurudi mikono mitupu, wakazidisha vibali vyao, na baada ya hapo hata kwenda hospitali wakawa wanaogopa. Mimi nilirudi mikono mitupu, watu walisema wakachoka. Na vyeti avitafsirishe mapema na mtafsiri aliyesajiliwa, aulize kama fani yake kule inataka leseni, maana ualimu, uuguzi, umeme na sheria karibu kila mahali zinataka, na kutambuliwa vyeti kunaweza kula miezi.

Tiketi asikate bado.

Wiki iliyopita, siku 2 baada ya kusoma barua yake, dada mmoja aliyefika huku mwaka huu aliletwa kwangu na rafiki yake. Anafanya usafi kwenye maofisi usiku. Alikuja na mfuko wa plastiki, akaumwaga juu ya meza yangu, bahasha labda 30, nyingi hazijafunguliwa. Tukakaa tukazipanga, matangazo huku, benki huku, zenye muhuri huku. Alikuwa ananitazama uso kila nikifungua moja, nami naujua huo mtazamo. Ya muhuri zilikuwa 3. Mbili zilikuwa za kumjulisha tu. Ya tatu ilikuwa miadi ya kibali, na tarehe ilikuwa ni Alhamisi inayofuata, haijapita. Nikampa simu, nikamwandikia kwenye karatasi sentensi 4 za kusema na jinsi zinavyotamkwa, akapiga mwenyewe nikiwa nimekaa pembeni yake, akathibitisha kwamba atafika. Alipokata akaniomba nimwandikie na zile za kuuliza.

Msomaji wako,
jina nimekuachia, Mhariri, naomba lisichapwe